Kopo la Kadidja

Kabla Gertrude hajauza hata kopo moja la mchele asubuhi ile, watu tisa walikuwa wameshapita mbele ya meza yake. Walimwamkia vizuri, wakamuulizia na goti lake linalouma, kisha wakaenda kununua kwa Kadidja.

Walimuulizia kweli, si kwa dhihaka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kumweka, lakini anayekuombea goti lipone huku akikunyima fedha yake, huyo utamweka wapi?

Meza zao ziligusana. Tukisema ukweli ilikuwa meza moja, ndefu, aliyoiunda marehemu mume wa Gertrude kwa mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni. Miaka minne nyuma, mwanamke mmoja mwembamba kutoka Kasongo, kule Maniema, alisimama katika soko lile la Mangobo, hapa Kisangani, na beseni la mchele kichwani tangu asubuhi hadi saa tisa, hajui pa kulitua. Wauzaji wengine walimtazama tu. Gertrude ndiye aliyesogeza vitu vyake, akamkatia nusu ya meza, akamvutia kiti cha plastiki, kile cha buluu chenye mguu uliofungwa waya.

"Ikala, mama," alimwambia. "Mutu hauzi akisimama sawa nguzo."

Sasa Kadidja alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, na mbele yake watu wamepanga foleni. Alikuwa na kitenge kipya. Alikuwa na kicheko kirefu kinachosikika hadi kwa wauza samaki. Kila akicheka, Gertrude alihisi kama mtu amempitishia ukucha mgongoni.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Gertrude alikuwa nazo, tena nyingi, na kila usiku alizipanga upya kichwani kama anayekunja nguo.

Sababu hizo zilianza zamani, katika miaka mizuri. Kulikuwa na miaka mizuri. Watu husahau upesi. Redio ilisema shaba na kobalti za kusini zinaleta fedha nchini, na hata Mangobo, mbali na machimbo yote, harufu yake ilifika. Baleinière, zile boti ndefu za mbao, na mashua kubwa zilipanda mto kutoka Kinshasa zimejaa. Watu walijenga kwa matofali ya saruji. Mwalimu Claudine, mwenye watoto sita, alikuja siku ya mshahara akanunua makopo ishirini mara moja, na Gertrude akamwongezea viganja viwili vya matabisi, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mteja wake bila kudaiwa. Katika miaka hiyo hakuna aliyejali nani anauza zaidi. Paliposhiba watu wote, jirani alikuwa jirani.

Kisha vita vya mashariki vikawaka tena. Malori ya maharage kutoka upande ule hayakufika. Benki za miji ile zikafungwa, na wafanyabiashara waliokuwa na mali huko wakabaki wanatazama simu zao. Falanga, fedha ya nchi, ikawa inayeyuka kama barafu ya muuza soda, na kila aliyepata kidogo alikimbia kukigeuza kuwa dola. Bei zilipanda Jumatatu, zikapanda tena Alhamisi. Wateja walilia. Ndipo wauzaji wa mstari ule walipoanza kugonga makopo.

Hii nayo ni kazi yenye ufundi wake. Unalipindua kopo la kupimia, unapiga kitako chake kwa mchi, kidogo kidogo, mpaka kinaingia ndani. Kwa nje kopo ni lilelile, bei ni ileile, lakini mchele unaoingia umepungua. Gertrude aligonga lake mara ya kwanza akaenda kuungama kanisani. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu hata hakukumbuka kwamba ni dhambi.

Kadidja hakugonga. Alikata tu matabisi. "Yaya, mimi nitapima sawa," alisema, maana alimwita Gertrude yaya, dada mkubwa. "Lakini juu ya kopo sitaongeza hata punje. Wakasirike."

Walikasirika kweli, na mwezi ule alikula muhogo mtupu. Gertrude alimhurumia, na akaona raha kidogo kumhurumia. Alimcheka pia kwa jambo lingine: Kadidja aliweka akiba yake kwa falanga, katika mfuko wa unga, noti chafu zilizogandishwa kwa gundi.

"Mama, unaweka majani," Gertrude alimwambia. "Mutu mwenye akili anaweka dola."

"Dola niliweka," Kadidja akajibu. "Nilipotoka Kasongo zilikuwa ndani ya pindo ya kitenge yangu. Mvua ikapiga, zikapasuka kidogo, hivi, sawa ukucha. Hapa Kisangani kila mutu akanirudishia: imechanika, hatutaki. Lakini falanga, yaya, hata ikikatika vipande viwili utaibandika, utanunua chumvi."

Gertrude alicheka siku ile. Yeye alikuwa na dola mia tisa katika kopo la maziwa lililofukiwa chini ya kitanda, akiba ya miaka mingi. Kila mavuno zilitoka na kufanya kazi moja: kununua mchele wote wa papa Octave, mkulima wa Banalia. Mifuko thelathini, yote kwa mkono mmoja. Kwa ajili ya mifuko ile, Gertrude aliitwa Mama Banalia soko zima. Mtu akitaka mchele mpya wa msituni, ule wenye harufu, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Basi jambo likageuka, na likageuka ghafla. Dola ikaanza kuanguka.

"Mama, Banque Centrale imekaza kamba," alieleza Guelord, mbadilisha fedha aliyekaa na meza yake ndogo kwenye kona ya soko, chini ya mwavuli. "Imemwaga dola ku soko, imekunywa falanga zote. Zamani nilikununulia dola moja na elfu mbili mia nane. Leo, elfu mbili mia mbili."

"Itapanda."

"Kila mutu anasema vile. Na mimi nasema vile. Lakini angalia, sina mwavuli mupya."

Redio ilisema nchi inapona. Gertrude alisikiliza akashangaa, maana kupona kule kulimgusa yeye kama ugonjwa. Dola zake zilikuwa zilezile mia tisa, hakuna mwizi aliyezigusa, lakini sasa zingenunua mifuko ishirini na mitatu tu, kwa sababu papa Octave alikuwa mtu wa falanga. Kule Banalia dola huwezi kununulia hata kitunguu. Na mchele wa mashua uliokuwa mezani, ule wa Kinshasa unaolipiwa kwa dola, aliununua wakati dola iko juu. Akishusha bei, anauza hasara.

Wauzaji wa mstari wakakubaliana: hakuna kushusha mpaka mali ya zamani iishe. Wateja walipita wakifoka. "Dola imeshuka, weye haushuke?" Wauzaji walitazama pembeni kama hawasikii.

Kadidja akashusha. Falanga zake chafu, zile za gundi, zilinunua dola nyingi kwa bei ndogo, na dola zile zikanunua mchele wa mashua, mifuko mitano mahali pa minne. Alishusha bei, na juu ya kopo lake ambalo halikugongwa akarudisha matabisi. Kiganja kizima.

Ndiyo hiyo foleni. Ndicho hicho kitenge. Aliyeweka majani alikuwa amevuna.

Siku ya Ijumaa, jua lilipokaribia kichwani, Kadidja alinawa miguu nyuma ya meza, akajitanda mtandio.

"Yaya, uniangaliliyeko meza. Naenda kusali."

Alisema hivyo kila Ijumaa kwa miaka minne, na kila Ijumaa Gertrude aliangalia. Aliwauzia wateja wa Kadidja, akamwekea fedha yake chini ya kitambaa, haikupungua hata hamsini. Kadidja alipofika kwenye wauza samaki aligeuka akapiga kelele: "Na ukule muhogo wangu kama njaa inakuuma! Kesho papa Octave anakuja, uwe na nguvu!"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu. Lakini jina la papa Octave katika kinywa kile lilimwingia Gertrude vibaya. Anajuaje siku ya papa Octave? Ana falanga. Akitaka, atanunua yote. Kesho wataniita nani mimi, na yeye wataitwa nani?

Kopo la Kadidja lilikuwa pale, kitako chini, juu ya mchele. Mchi ulikuwa pale.

Sitasema alipepesuka, wala kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Alitazama kushoto na kulia, akalipindua kopo juu ya paja lake, akalifunika kwa kanga asisikike, akagonga. Mara nne. Alikuwa fundi, kitako kiliingia sawasawa. Akalirudisha mahali pake, na Kadidja aliporudi na jasho la njiani, Gertrude akamwambia, "Nimekuuzia makopo mawili. Falanga iko chini ya kitambaa."

"Mungu akuweke, yaya," Kadidja akasema, akampa embe.

Gertrude hakulila embe lile. Alilipeleka nyumbani, akaliweka dirishani, likamtazama mpaka asubuhi.

Jumamosi, mwalimu Claudine alifika mapema na mfuko wake mkononi. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

"Kadidja," alisema. "Hata weye?"

"Nini, mwalimu?"

"Jana jioni nilinunua makopo nane. Nikapima na kopo yangu ya nyumba. Ni saba, na ya nane haifike nusu. Hawa wengine nimewazoea. Lakini weye?"

Watu walisogea. Kadidja alilichukua kopo lake, akalipindua. Aliweka kidole gumba katika kitako, na kidole kikazama. Akabonyeza, kama mtu anayebonyeza jeraha kujua kina chake. Hakumtazama mtu yeyote.

"Pole, mwalimu," alisema mwishowe. "Kopo ni yangu, kosa ni yangu." Akammwagia mchele mwingine.

Foleni ilitawanyika. Na kama maji yanavyotafuta bonde, ilikwenda kwenye meza ya karibu. Gertrude aliona watu wanne, watano, saba mbele yake, na nitakuwa mwongo nikisema hakufurahi. Alifurahi. Alishika kopo lake akalichovya katika mchele.

"Ngoja," akasema Claudine. "Kwanza lipindue."

"Mwalimu, miaka yote hii..."

"Lipindue, mama Gertrude."

Akalipindua. Claudine akalishika, akaliinua watu waone.

"Angalieni! Tumbo imeingia mpaka mugongoni. Hii kopo ina njaa kuliko watoto yangu!"

Soko likalipuka kwa kicheko. Na sasa macho ya watu yalikuwa yamefunguka, hakuna wa kuyafumba. Walipita mstari mzima: lipindue, lipindue. Makopo kumi na moja, yote yamebonyea. Mama Micheline wa maharage alilikalia lake, akasema goti linamuuma hawezi kusimama, mpaka mtu akamwambia goti ni la mama Gertrude, yeye atafute ugonjwa mwingine.

Katika zogo lile ndipo papa Octave alipoingia, nyuma ya pousse-pousse tatu, mikokoteni ya kusukuma, zilizopakia mifuko yake. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, aliyetoka Banalia usiku na kuvuka daraja la Tshopo alfajiri. Aliamkia watu, akauliza kuna nini. Wakampa makopo ayatazame, maana alikuwa na sifa ya kujua vitu.

Aliyageuza moja moja, polepole.

"Haya yote yana kutu ndani ya mikunjo," alisema. "Ni uongo wa zamani. Lakini hili," akainua la Kadidja, "hili linang'aa. Bati bado ni nyeupe. Limepigwa jana." Akamtazama Kadidja. "Jana kopo yako ilibaki na nani, mama?"

Kicheko kikakatika.

Gertrude alijua neno linalokuja. Lilikuwa neno fupi, jina lake tu. Likisemwa, papa Octave atageuza pousse-pousse zake, kwa maana alikuwa mtu wa kuuza kwa anayemwamini, na miaka yote ya Mama Banalia itaishia hapa, mbele ya mwalimu Claudine na wauza samaki. Aliangalia mikono yake mwenyewe juu ya meza ya marehemu mumewe. Alitaka kusema kwanza yeye.

"Ilianguka," akasema Kadidja.

"Ilianguka?"

"Nilikuwa na haraka ya kusali. Ikaanguka ku sakafu ya saruji."

"Mama, kopo ikianguka inabonyea kwa ubavu. Hii imeingia kwa kitako, katikati, sawasawa."

"Papa Octave," Kadidja akamkatiza, "ulitoka Banalia kuuza muchele, ao kupasua makopo sawa daktari?"

Watu wakacheka tena. Papa Octave naye akacheka, akaliweka chini. Lakini kabla ya kuliweka alimtazama Gertrude, mara moja tu, kwa upole, na Gertrude akajua kwamba amejua.

"Bon," mzee akasema. "Mama Banalia, mifuko yako hii, thelathini. Gari ya kunirudisha inatoka saa sita."

Gertrude akaenda kwa Guelord na kopo lake la maziwa. Guelord aliziweka noti kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, akatenga moja ya mia.

"Hii, mama, imechanika kwa kona."

"Wapi?"

"Hapa. Sawa ukucha."

Alitaka kucheka, akashindwa. Akapokea falanga za noti nane, kwa bei ya siku, akarudi. Zilitosha mifuko ishirini.

"Na hii kumi?" papa Octave akauliza. "Sirudi nayo, mama. Miaka yote nimeuza kwako tu. Uniambie weye: nimupe nani?"

Wauzaji wote wa mstari walikuwa wamesimama wakisubiri, na kila mmoja alikuwa na sura ya mtu mwema. Mama Micheline alikuwa amesahau goti. Gertrude angeweza kumtaja yeyote, na mchele wa Banalia usingefika kamwe kwenye ile nusu ya meza. Wazo hilo lilimjia, likakaa, likajipanga vizuri. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mupe jirani yangu," alisema, na ilikuwa kama kung'oa jino kwa mkono wake mwenyewe.

Kadidja alilipa kwa noti zake chafu. Papa Octave alizihesabu zote bila kukunja uso.

Mchana ule, katika soko lile, palisikika sauti moja tu. Kong. Kong. Kong. Mama Micheline aligonga, muuza mahindi akagonga, mstari mzima uliingiza michi ndani ya makopo na kurudisha vitako nje, kwa sababu hakuna mteja aliyekubali kupimiwa bila kupindua. Na wote walipopima sawa, hapakubaki cha kushindania ila bei, nayo ikashuka. Jioni redio ilieleza kupona kwa nchi kwa maneno ya wakubwa, na huenda ni kweli kulianzia kwao. Mangobo, kupona kuliingia kwa sauti ile ya makopo.

Gertrude alilinyoosha lake kwanza. Kisha, bila kuomba ruhusa, alinyoosha mkono akalichukua la Kadidja. Aliliweka juu ya paja, akashika mchi, akagonga kutoka ndani. Mara nne. Kitako kikarudi bapa, kama hakijawahi kuguswa.

Kadidja alikuwa akimtazama.

"Unajua muzuri kuigonga."

"Najua," Gertrude akasema. "Pande zote mbili."

Mteja mmoja alipita. Kadidja akalipokea kopo, akalipangusa kwa ncha ya kitenge kipya.

"Sikunyamaza kwa ajili yako, yaya. Nilikuwa na hasira, niliweza kukumeza mzima." Akapiga kwa kiganja mkono wa kiti cha buluu. "Nilinyamaza kwa ajili ya hiki. Siku ile hakuna mutu aliniona, weye uliniona. Bon. Sasa kiti tumelipana."

"Tumelipana."

"Mara ya pili nitasema. Nitasema kwa sauti ya ku musikiti."

"Utasikika mpaka Banalia," Gertrude akasema, "na kicheko chako kile." Machozi yalimjia, akajifanya ni vumbi la mchele. Kadidja akajifanya ameamini.

Sitawaambia kwamba wivu ulimtoka. Wivu si mgeni wa kuaga. Jumatatu yake Gertrude alifika mapema, na jambo la kwanza alilofanya ni kuhesabu watu: tisa kwa Kadidja, nane kwake. Wa kwanza wake alikuwa mwalimu Claudine. Gertrude alipima makopo manane, kila moja na kilima chake, akaongeza kiganja kimoja cha matabisi. Akatazama kando kuona kama Kadidja ameona. Akaongeza cha pili.

Kadidja aliona. Akamwongezea mteja wake vitatu.